Gunia la Ngano Lililokwenda Ogembo

Mmeniuliza kwenye foleni ya kupima majani chai, mmeniuliza mlangoni mwa kanisa, na juzi mmoja wenu amekuja kuniuliza jikoni huku akijifanya anaazima chumvi. Basi naandika mara moja. Someni, mpitishiane, halafu mniache.

Ndiyo, nilitoka hapa Ekerenyo siku ya Ijumaa na mtoto mgongoni, gunia begani na beseni mkononi. Hapana, sikuwa nimeachana na Baba Moraa. Baba Moraa yuko Uarabuni, na mtu hawezi kumkimbia mtu ambaye hayupo.

Kutoka hapa hadi Ogembo, mwenye gari akianza baada ya chai atakula chakula cha mchana huko. Mimi safari hiyo ilinimeza siku tatu, kwenda na kurudi, na sijui kama imenitapika mzima.

KABLA YA SAFARI

Ile ngano iliyokuwa nyuma ya majani chai ya baba mkwe, nyinyi nyote mliiona mkadhani ni ngano tu. Haikuwa ngano. Ilikuwa ngano sitini. Vipande sitini, kila kimoja ukubwa wa kitanda, kila kimoja na mbegu yake, kila kimoja na kibao cheupe cha plastiki chenye namba.

Mwenyewe ni Daktari Bosibori, si wa kutibu watu, ni wa mimea. Ni mtu wa kwetu, wa Ogembo, na miaka ishirini na sita amekuwa akifanya kitu kimoja: kutafuta ngano itakayokubali udongo wetu. Udongo uliokaa na majani chai miaka mingi unakuwa mchachu. Ngano ya kawaida ukiipanda humo, ncha za mizizi zinachomeka, mmea unadumaa, unageuka manjano na kusimama hapo kama mtoto aliyenyimwa chakula. Daktari alikuwa anachanganya hii na ile, anapanda, anachagua, anapanda tena. Msimu huu ndio ulikuwa wa mwisho kabla hajastaafu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupita kila asubuhi na daftari. Kupima kimo, kuandika rangi, kuangalia ugonjwa wa kutu kwenye majani, kuandika siku kila kipande kilipotoa masuke. Miezi minne. Nyumbani hakuna mtu wa kuongea naye zaidi ya "maji yako wapi" na "kuni zimeisha", kwa hiyo nikawa naongea na vipande. Chekeni tu. Namba kumi na tisa ndiyo nilikuwa nikimsalimia kwanza. Wenzake wote walipokuwa manjano, yeye alisimama kijani mpaka kiunoni kwangu. Nilipompigia Daktari simu kumwambia, akasema, "Nisomee kimo tena." Nikasoma. Akasema, "Msichana, hiyo usiiache hata kidogo. Mbegu niliyokuwa nayo ya kumi na tisa ilikuwa kiganja kimoja, na kiganja chote kiko hapo kwenu."

Alhamisi, Moraa aliamka na homa. Nikampeleka kliniki. Foleni mnaijua. Niliporudi alasiri, shamba lilikuwa jeupe.

Mama mkwe alikuwa ameona mawingu upande wa juu, akaona mokamwana wake, mke wa mwanawe, yuko kliniki na mtoto mgonjwa, akaita egesangio, wale akina mama wanaosaidiana mashamba kwa zamu. Saba. Wakafyeka vipande vyote sitini asubuhi moja. Wakafunga matita, wakabeba, wakamwaga juu ya turubai, wakapiga kwa fimbo kama wanavyopiga wimbi, wakapepeta. Gunia moja, limeshonwa mdomo vizuri.

Na vile vibao? Waliving'oa, wakaviosha kwa sabuni, wakavipanga ndani ya beseni.

"Tumekuokoa na mvua, mokamwana," mama mkwe akaniambia. "Hata hivyo vijiko vyako nimevisugua."

Nilikuwa nataka kupiga kelele. Niliwatazama wale wanawake saba wamekaa kwenye nyasi wanakunywa uji, makapi kwenye nywele, wamechoka, wamefurahi. Mmoja wao nyinyi mnajua ni nani, na mgongo wake unavyomuuma. Ungempigia nani kelele? Nikasema asante.

Simu ya Daktari ilikuwa imezimwa. Nikapiga mpaka yangu nayo ikazima.

EKERENYO HADI KEROKA

Nilijua kitu kimoja tu: kwamba Ijumaa Daktari alipaswa kuwa Keroka, kwenye shamba lake lingine la majaribio. Nikamfunga Moraa mgongoni, homa ilikuwa imeshuka, nikachukua gunia na beseni nikatoka.

Mtu wa boda alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Mama, umefukuzwa ama umejifukuza?"

"Nipeleke Nyamira."

"Gunia ni la nini? Umebeba hata mahindi ya bwana?"

"Ni ngano. Endesha."

"Haiya. Mwanamke anaacha ndizi anaiba ngano."

Hilo ndilo lililonifuata safari nzima. Mwanamke, mtoto, gunia, beseni: kila mtu njiani alikuwa ameshasoma hadithi yangu kabla sijafungua mdomo. Nyamira mama mmoja aliniwekea mkono begani, akaniambia hata yeye alirudi kwao mara mbili na mara ya tatu akazoea. Sikumuuliza kitu. Akanipa ndizi mbivu mbili na machozi yakamtoka. Nilikula zile ndizi nikiwa na hasira, na zilikuwa tamu, na hilo likaniongezea hasira.

Keroka nilifika saa sita. Malori yamepanga mstari barabarani, vumbi, watu wanauza viazi. Shamba la majaribio liko nyuma ya shule moja ya upili. Nikatembea mpaka huko, bega linaungua. Daktari hakuwepo. Aliyekuwepo ni Mosoti, msaidizi wake, mwanamume mwenye miaka thelathini na kitu, viatu safi. Huyu alitakiwa kuja kwetu kila wiki mbili kukagua. Tangu tupande alikuja mara moja, akapiga picha, akaondoka.

"Daktari yuko kwake Ogembo," akasema. "Amezima simu, anaandika ripoti yake ya mwisho. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha beseni.

Mosoti alikaa chini juu ya jiwe na viatu vyake safi. Akashika kibao kimoja, akakigeuza. "Waliviosha?"

"Kwa sabuni."

Akacheka. Nawaambia ukweli, alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikatafuta kitu cha kumrushia nikakosa. Kisha akaacha kucheka, akaangalia huku na huku, akasema kwa sauti ya chini:

"Sikia, Mama Moraa. Usimpelekee mama wa watu habari hii. Amebakisha mwezi. Utamuua."

"Nifanye nini?"

Akaingia stoo akatoka na mifuko ya karatasi ya kaki, imefungwa kwa mpira. "Hapa ni sitini. Gawa hilo gunia. Hii ongeza kidogo, hii punguza kidogo. Weka kibao kwa kila mfuko. Kumi na tisa ipe nyingi, si ulisema ilikuwa nzuri? Atapima, ataandika, atastaafu na furaha yake. Ngano ni ngano. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe ni nani?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuandika hapa, kwa sababu watoto wenu watasoma. Nikamwambia kwamba angekuwa anakuja kila wiki mbili, wale akina mama wangemwona, wangejua kuna mwenye shamba. Yeye akajibu, "Ndiyo maana nakwambia gawa. Tukiulizwa, tutaulizwa sote wawili."

Nikaondoka. Lakini mifuko nilichukua. Hilo pia liandikwe.

KEROKA HADI KISII

Nilipata lori la ndizi. Mwenye ndizi alikuwa Mama Nyaboke, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaniweka mbele kati yake na dereva, Moraa mapajani, gunia huko nyuma juu ya mikungu. Hatujaenda mbali, tukakuta lori la miwa limelala ubavu katikati ya mlima, barabara imefungwa.

Tulikaa hapo kama saa tatu. Watu walishuka. Kwanza wakampa pole dereva wa miwa, kisha wakaanza kula miwa yake. Dereva mwenyewe, baada ya kulalamika akachoka, akakaa kando ya barabara naye akamenya muwa wake. Mama Nyaboke aliniletea mmoja, akauvunja kwa goti.

"Kula. Sasa niambie. Alikupiga?"

"Nani?"

"Bwana."

"Bwana yangu yuko Uarabuni, mama."

"Aa. Basi ni mama mkwe."

"Mama mkwe amenivunia ngano."

Akatafuna muwa akifikiri. "Amekuvunia."

"Ndiyo."

"Na ndiyo unatoroka."

"Sitoroki! Alichanganya! Zilikuwa sitini, akafanya moja!"

Mama Nyaboke akamwangalia dereva, dereva akaangalia mlima. "Msichana wangu," akasema polepole, kama unavyoongea na mgonjwa, "mimi mama mkwe wangu hakuwahi kunivunia hata mboga. Wewe unavuniwa, unabeba gunia unakimbia. Rudi nyumbani, umshukuru."

Nikajaribu kueleza tena. Udongo mchachu, mizizi, daktari asiyetibu watu. Nikaona wazi kwamba kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu. Nikarudi kwenye muwa wangu. Watu zaidi ya mia kwenye mlima ule, wanacheka, wanatema maganda, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia nimepoteza nini akaelewa nimepoteza. Hata msiba una watu. Huu wangu haukuwa na hata mwombolezaji mmoja.

Kisii tuliingia jioni, Moraa amelala. Mama Nyaboke hakuniuliza nitalala wapi. Alinipeleka kwake, chumba kimoja nyuma ya soko, akanipa ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, uchungu wake umetulia, na akanilaza kitandani yeye akalala chini. Kabla ya kulala akaomba kwa sauti kwamba Mungu alainishe moyo wa mokamwana huyu mkaidi. Mokamwana mwenyewe alisema amina.

Alfajiri yeye alitoka kwenda sokoni. Nikabaki na gunia. Nikafungua mdomo wake. Nikatoa mifuko ya Mosoti.

Ndiyo, nilijaza. Mnataka ukweli, huo hapo. Nilijaza mfuko wa kwanza, nikaweka kibao namba moja. Wa pili. Mkono ulizoea haraka. Huu kidogo kwa sababu namba tano ilikuwa imedumaa, huu zaidi kwa sababu namba kumi na mbili ilijitahidi. Nilikuwa nafanya uongo kwa uangalifu mkubwa, nikikumbuka kila kipande kilivyokuwa. Nilifika kumi na nane.

Nikashika kibao cha kumi na tisa. Nikaangalia ile ngano ndani ya gunia, nyekundu, nyeupe, nene, nyembamba, zote pamoja. Yeye alikuwa humo ndani mahali fulani. Ningeweza kujaza mfuko, nikauandika jina lake, na mtu mwingine kabisa angeishi kwa jina hilo miaka yote, na mimi ndiye ningekuwa peke yangu duniani ninayejua kwamba aliyekuwa hapo hayupo. Upweke niliokuwa nao ulinitosha. Sikuhitaji wa kuongeza.

Nikaacha mfuko ule mtupu. Sikuwa na nguvu ya kufungua ile kumi na minane. Nikavirundika vyote ndani ya beseni, nikafunga gunia, nikatoka.

KISII HADI OGEMBO

Barabara ilikuwa tulivu ajabu, maduka mengi yamefungwa, na sikujiuliza kwa nini. Ogembo nikaulizia nyumba ya Daktari, nikaonyeshwa kilima. Nilipanda nikisema maneno yangu kwa sauti. "Daktari, ngano imechanganywa. Daktari, ngano imechanganywa." Moraa mgongoni akidhani ni wimbo.

Nyumba ndogo ya bati, migomba pande zote, ua umefagiwa. Mlango ukafunguliwa na yeye mwenyewe, amevaa gauni jeupe, Biblia kwapani. Mwanamke mwembamba, mrefu, nywele nyeupe.

"Daktari," nikasema, "ngano im..."

Akainua mkono. "Karibu, mwanangu. Leo ni Sabato."

Jumamosi. Sisi Wakatoliki Jumamosi ni siku ya kufua. Nilisahau kwamba nusu ya watu wetu ni Wasabato, siku hiyo hawashiki jembe wala kalamu.

"Daktari, ni jambo la kazi, ni la haraka..."

"Limekuja na miguu kutoka Ekerenyo, litaweza kukaa mpaka jua litue. Miaka ishirini na sita sijawahi kuongea ngano siku ya Sabato. Mwaka wa mwisho nitaanza?"

Kisha macho yake yakaenda kwenye beseni. Akaona mifuko ya kaki. Akaona vibao, namba moja, namba mbili, namba tatu, kila kimoja juu ya mfuko wake. Uso wake ulibadilika. Nimeuona uso huo mara moja tu, siku nilipomwonyesha Baba Moraa mtoto.

"Umevuna mwenyewe," akasema. "Umeniletea kwa mgongo." Akanikumbatia na mtoto wangu na jasho langu lote. Nilifungua mdomo. Akaniwekea kidole kwenye midomo kama mtoto. "Baadaye."

Tukaenda kanisani. Nilikaa benchi la tatu kando yake. Ulipofika wakati wa ushuhuda, akasimama. Akasema kwamba wengi humo ndani walikuwa wakimwona anapita na vifurushi vya ngano, hana mume, hana mtoto, wakasema ngano imemla. Akasema ilikuwa kweli, ilimla. Lakini leo asubuhi Mungu amemtuma msichana huyu na mavuno, na ndani yake iko moja aliyoitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Watu wakasema amina. Mwanamke wa nyuma akanipiga bega kwa furaha. Moraa akapiga makofi.

Sijawahi kukaa mahali penye watu wengi hivyo nikawa peke yangu hivyo.

Tulirudi tukala wali na maharagwe yaliyopikwa Ijumaa, kutoka hotipoti, yamepoa. Akamlaza Moraa kwenye kitanda chake. Akaniambia habari za mama yake, za shule aliyosoma, za mbwa aliyekufa. Ngano hakuitaja. Mara mbili nilijaribu, mara mbili akainua mkono. Nilikaa kibarazani nikaangalia jua. Jua la Ogembo siku hiyo liligoma. Lilikaa juu ya ile migomba kama mgeni asiyejua kuaga.

JUA LILIPOTUA

Akafunga Sabato kwa wimbo na sala fupi. Akasema amina, na kabla sijafungua macho akasema, "Haya. Lete kumi na tisa."

"Haipo."

Nikamwambia yote. Kliniki, mawingu, egesangio, fimbo, sabuni. Nikamwambia kwamba mifuko ile kumi na minane ni uongo niliojaza kwa mkono wangu asubuhi hiyo, na nani aliyenipa. Sikulia. Niliongea kama mtu anayesoma risala.

Akaenda akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo.

"Ulijua hili asubuhi," akasema mwishowe. "Ukaniacha nisimame mbele ya kanisa."

"Ni wewe uliniziba mdomo!"

"Ungesema kwa nguvu!"

"Siku ya Sabato?"

"Msichana, hayo ni maisha yangu yaliyo kwenye gunia hili!"

Hapo nikapasuka. Nilikuwa nimebeba hasira kutoka Ekerenyo bila kupata mtu wa kumtwika. "Maisha yako, na hukuwahi kukaa na wale akina mama hata siku moja uwaambie! Ulikuja mara tatu, ukapima, ukaandika, ukaingia gari. Wanapita hapo kila siku kuchuma majani. Kwao hiyo ni ngano ya jirani inayoiva na mvua inakuja. Walifanya vile mtu mwema anafanya! Ni nani aliwaambia sitini si moja? Vibao vyako vimeandikwa namba. Namba inamwambia nini mama mkwe wangu?"

Moraa aliamka akalia. Daktari ndiye aliyekwenda kumchukua. Alirudi naye begani, akitembea polepole, akimpigapiga mgongo kwa mkono wenye vumbi la ngano.

"Sikuwahi kumwambia mtu," akasema. "Mwanzoni walicheka, nikaacha kusema. Ukikaa sana bila kusema unadhani watu wanajua."

Akakaa. Baadaye akauliza, "Ilikuwaje? Kumi na tisa. Mimi sikuiona ikiiva."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia. Kwamba ilichelewa kutoa masuke siku nne kuliko jirani zake. Kwamba shingo yake iliinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza. Kwamba asubuhi ya umande ilikuwa na rangi ya bluu kidogo, na majani ya chini yalikaa kijani mpaka mwisho. Alisikiliza amefumba macho.

"Ripoti itasema Ekerenyo hakuna mavuno," akasema. "Nitaandika ukweli, na ukweli utafunga shamba lile. Kazi yako itaisha. Pole."

Nilijua. Lakini kusikia ni kitu kingine.

Kisha akafumbua macho ghafla. "Walifyeka kwa mundu?"

"Kwa visu vya jikoni na mundu."

"Ngano iliyokauka ukiivuta inadondosha punje. Uliangalia chini? Pale iliposimama?"

Sikuwa nimeangalia.

"Basi rudi," akasema. "Kabla mvua haijaotesha kila kitu."

KURUDI

Jumapili nilitoka bila gunia. Kutoka Ogembo hadi Ekerenyo sikuzungumza na mtu yeyote, na kwa sababu sikuwa na gunia, hakuna aliyeniuliza kitu. Mawingu yalikuwa meusi kutoka Nyamira kuendelea.

Mama mkwe alikuwa ametoka kanisani, amesimama uani na nguo zake nzuri. "Daktari amefurahi?" akauliza.

Njia nzima nilikuwa nimeandaa matusi. Nilikuwa nimeyapanga kama vile vibao. Nilipoanza, yakatoka maelezo badala yake: sitini, moja, miaka ishirini na sita, kazi yangu imeisha. Nilieleza nikipiga kelele.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Miezi minne unatembea mle ndani na kalamu. Unaongea na majani, nakusikia. Mimi niko hapo jikoni. Hukuwahi kuniita hata mara moja uniambie hii ni nini."

Nikamtua Moraa kutoka mgongoni.

"Hiyo moja ilikuwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Hakuna kibao, hakuna mti, lakini miguu yangu ilijua: hatua ngapi kutoka kwenye mtaro, hatua ngapi kutoka kwenye mstari wa majani chai. Kuku walikuwa humo. Alikuwa amewafungulia tangu Ijumaa, kama mtu yeyote anavyofungulia kuku shamba likishavunwa. Nilikaa chini kwenye udongo nikasema basi.

Mama mkwe akafukuza kuku. Akavua viatu vya kanisani, akapiga magoti na gauni lake zuri. "Mimi nimeokota wimbi maisha yangu yote," akasema. "Ngano kwangu ni kubwa kama mawe." Akaanza kupekua kwenye nyayo, pale miguu ya wale wanawake ilipodidimiza udongo na mdomo wa kuku haukufika. Punje ya kwanza aliipata yeye. Ya pili pia. Mimi nilipata mbili tu. Mvua ilianza tukiwa bado tuko chini, akavua kilemba chake akazifunika zile punje na kichwa chake kikalowa.

Nikampigia Daktari nikiwa chini ya paa la jiko. Simu yake ilikuwa wazi. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja. Na pengine si zake zote. Zingine zinaweza kuwa za jirani."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani mtandao umekata. Nikasema, "Daktari, ni kumi na moja tu."

"Siku nilipoichanganya mara ya kwanza," akasema, "nilipata punje saba."